Mwaka wa Mgeni wa Kisandukuni

Mwezi uliopita nilikutana na Shija kwenye semina ya wasioona pale Shinyanga mjini, na sikumtambua mpaka alipokohoa. Sauti yake imezeeka, imekuwa nzito kama ya mtu anayeongelea ndani ya debe, lakini kikohozi kilikuwa kile kile cha vumbi la machimbo ya Nyarugusu, kifupi, mara mbili, halafu basi. Nikasema, "Huyu ni Shija au mzimu wake?" Akajibu pale pale, "Na huyu ni Kabula, maana mpaka leo hajajifunza kusalimia." Tukashikana mikono, tukacheka mpaka mwezeshaji akatuomba tutulie. Wakati wa sala ya ufunguzi simu yake ikaanza kumsomea kutoka mfukoni ujumbe wa mwanawe, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, kwamba ng'ombe mwekundu kazaa salama na anaomba hela ya dawa. Watu wakaangua kicheko katikati ya sala. Shija akaizima, akaninong'oneza, "Ingekuwa enzi zetu, hii ingechomekwa pini." Vijana waliokaa nyuma yetu waliuliza pini gani. Sikuwajibu, kwa sababu chai ilikuwa inagawiwa na mimi chai ikipoa siinywi, na kwa sababu habari yenyewe haiishi kwa sentensi moja.

Ya kwetu kijijini na jinsi nilivyopofuka nayaruka. Wanaoyataka wameshayasikia, na mimi nimechoka kuyasema. Naanzia kwenye chumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepanga chumba cha uani kwa Mama Kulwa, mtaa wa Ngokolo, chumba chenye dirisha moja la wavu na sakafu ya saruji iliyomeguka pembeni mwa mlango. Mpaka leo mguu wangu ukiota ndoto hukwepa pale. Upande wa kushoto ukuta wetu uliungana na nyumba ya fundi cherehani mmoja mzee, Mzee Maduhu, na mkewe Bibi Holo. Asubuhi nilisikia cherehani, jioni nilisikia redio yake. Ndani ya chumba hicho mradi mmoja wa watu wasioona uliniletea kompyuta, kubwa kama kabati la vyombo, na pamoja nayo kisanduku kidogo, nusu ya mche wa sabuni, kilichounganishwa kwa waya mnene wenye skrubu mbili. Kompyuta yenyewe ilikuwa bubu. Kisanduku ndicho kilichosema. Ukiandika herufi, kinaitaja. Ukishuka mstari, kinausoma. Fundi aliyekuja nacho kutoka Mwanza alikibandika mezani kwa gundi ya karatasi, ubavu mmoja ukiacha upenyo wa vidole tu na ukuta, akaniambia, "Dada, hapa usipasogeze hata kidogo."

Kilikuwa na sauti ya mwanamume wa Kizungu mwenye mafua. Kiswahili hakukijua hata chembe. Alikisoma kama kimeandikwa kwao. "Habari za leo" ilitoka mdomoni mwake kitu kama "habrai za lio". Wiki ya kwanza nilidhani nimeletewa mashine mbovu. Baadaye sikio likazoea, kama linavyomzoea shemeji kigugumizi, na tukampa jina: Mgeni. Ilinichukua nusu mwaka kumwelewa vizuri. Nasema tukampa, kwa sababu mwezi wa tatu akaja Shija, ambaye mradi ulimtuma ajifunze kwenye mashine hiyo hiyo. Alikuwa amenizidi miaka kama saba. Baruti ilimlipukia usoni akiwa ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, huko Nyarugusu, na alikuwa kipofu wa mwaka mmoja tu, bado anagonga magoti yake kwenye kila stuli. Alifikia kwa shangazi yake mtaa wa pili. Tulikaa kutwa mbele ya Mgeni, bakuli la michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa na karanga katikati yetu, na yeye akinisahihisha herufi moja ambayo sisi Wasukuma hutuponyoka. Nilizoea kuandika "balua" na "habali". Shija alikuwa Msukuma kama mimi, lakini machimboni alikaa na watu wa kila mkoa, wakamcheka mpaka ulimi ukanyooka. Mgeni akisoma "balua", Shija ananigonga goti kwa kijiko. Nilimchukia sana kwa hilo.

Mwishoni mwa mwaka ule likaja lile jambo. Chama kimoja cha wakulima wa pamba huko Mhunze kilikuwa kinatafuta mchapaji, na mratibu wa mradi wetu akamshawishi meneja wake aje anione kwanza kabla ya kucheka. Meneja akakubali kwa shingo upande. Angekuja Ijumaa saa nne asubuhi, angenitamkia barua, ningeiandika, na, hapa ndipo penye shughuli, ningeisoma na kuisahihisha mwenyewe, bila mtu kuniambia lolote. Nikishindwa, kazi anapewa mwingine aliyekwisha kuomba, na mimi narudi kijijini, kwa sababu mradi ulikuwa unafunga mwezi ule ule na kompyuta ingepelekwa kwingine. Kijijini nilijua kinachonisubiri: kigoda cha jikoni, na watu wakinisemea mbele yangu kama vile sipo. "Huyu anakula nini? Huyu analala wapi?" Niliiogopa Ijumaa ile, lakini nilikuwa na Mgeni, na Mgeni nilimwamini.

Jumatatu alfajiri tuliamshwa na kilio ukutani. Mzee Maduhu alikuwa amefariki. Mama Kulwa alivaa kanga yake, akagonga mlango wangu, akasema, "Kabula, twende kwa jirani." Siku nzima nilikaa mkekani na kina mama nikichambua mchele; kazi hiyo vidole vyangu huifanya vizuri kuliko macho ya mtu, na walinipa sinia baada ya sinia. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Hata duka la kona, ambalo redio yake ilikuwa ikitupigia kelele tangu nihamie, lilinyamaza. Niliuona utulivu ule, nikaupenda, sikuuwazia zaidi. Jioni nikarudi chumbani nifanye mazoezi, nikawasha kompyuta, nikasikia feni yake inazunguka na ile "bip" ya kuamka. Nikamsubiri Mgeni. Hakusema kitu. Nikabonyeza herufi, nikabonyeza mishale, nikazungusha kigurudumu cha sauti mpaka mwisho. Kimya.

Jumanne, baada ya mazishi, Shija alikuja. Alikuwa na namna yake ya kutafuta kosa, na ilikuwa namna ya kichimbaji. "Ukiwa chini na hewa imekata," akasema, "huanzi kupapasa pale ulipo. Unaufuata mpira wa hewa kutoka juu, kiungo kwa kiungo, mpaka unapofika wewe." Basi tukaufuata mpira. Tulianzia kwenye soketi ya ukutani: tukachomeka pasi ya Mama Kulwa, ikapata moto, soketi nzima. Tukaenda kwenye kidude cha kumpunguzia Mgeni umeme. Kilikuwa na joto la kawaida, kama yai lililotagwa sasa hivi. Tukafungua skrubu mbili za waya mnene, mimi nikahesabu kwa ncha ya sindano pini zake tisa, zote zimesimama wima. Tukapuliza, tukafuta, tukarudisha, tukakaza. Kimya. Shija akapenyeza vidole kati ya kisanduku na ukuta. "Na hiki kijiti cha huku ubavuni ni cha nini?" Mimi nilikuwa nimeshachemka. Nikamwambia, "Shija, usichokijua usikiguse. Fundi alisema pasisogezwe. Una miezi mingapi na mashine hii wewe?" Akautoa mkono. Hakusema tena siku ile, na hata michembe hakula.

Jumatano nilienda kwenye kibanda cha simu kumpigia fundi wa Mwanza. Akaniuliza, "Taa ya kijani inawaka?" Nikamwambia, "Kaka yangu, mimi sioni." Akasema, "Basi muulize anayeona," kana kwamba wanaoona wamepangwa kama nyanya gengeni. Nilirudi, nikamwomba mpangaji mwenzangu achungulie, akasema inawaka. Nikaenda tena kibandani. Fundi akavuta pumzi, akasema kama taa inawaka na waya ni mzima, basi kisanduku chenyewe kimekufa, na kingine kinatoka Dar es Salaam, wiki mbili hivi, pole sana. Wiki mbili. Nilisimama pale na mkonga wa simu mkononi mpaka mwenye kibanda akauliza kama bado naongea. Nilimwambia Mama Kulwa kwamba mashine imeharibika na Ijumaa watu wanakuja. Akanijibu, "Pole," kikavu, akaendelea kufua. Mama ambaye tangu nihamie alikuwa hawezi kunywa uji bila kuniletea kikombe, siku zile tatu alikuwa ananipita uani kama mti. Nikadhani kila mtu amenichoka. Nililia, nasema kweli. Nilifunga mlango nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa bafuni. Bafu letu lilikuwa la mabati, uani, na nje yake palikuwa na lile gogo ambalo kina mama hukalia wakimenya viazi. Nilikuwa nimejipaka sabuni usoni niliposikia Mama Kulwa anaongea na jirani mmoja, kwa sauti ya chini, ile ya kusengenya kwa uchungu. "Hawa vijana wangu wamenitia aibu. Matanga yanaanuliwa Jumamosi, Bibi Holo bado yuko chini mkekani, na wao kila siku wanaichokonoa redio yao. Kutwa, tku tku tku. Na pini niliichomeka mwenyewe Jumatatu ile ile, kama ninavyoichomeka ya kwangu." Jirani akaguna. "Labda hawajui." Mama Kulwa akasema, "Hawajui nini? Msiba haujulikani?"

Sikumaliza kuoga. Sijui hata kama nilijifuta. Nilitoka na kanga moja na povu masikioni, nikawapita wale kina mama, nikaingia chumbani, nikapenyeza mkono ukutani pale ubavuni mwa kisanduku, na kijiti cha Shija kilikuwepo. Nikakijua kwa kukigusa mara ya pili tu. Redio ya Mama Kulwa ilikuwa mbovu kigurudumu cha sauti, haipungui, kwa hiyo akitaka inyamaze alikuwa anachomeka ile pini ya spika za masikioni, pini tupu, nyaya zake zimekatwa. Sauti ikidhani inaenda masikioni mwa mtu, spika inazimika. Alikuwa nazo mbili tatu kwenye kopo. Mgeni naye alikuwa na tundu kama hilo, nami sikuwahi kulitumia wala kulijua, kwa sababu lilielekea ukutani. Nikaichomoa pini, nikabonyeza mshale kwenye barua ya mazoezi iliyokuwa bado imefunguliwa. Nilikuwa nimesahau kwamba Jumatatu nilizungusha kigurudumu mpaka mwisho. Mgeni akapaza sauti yake ya mafua, akaisikia Ngokolo yote: "Ndyugu Menija!" Na kule ukutani, msibani, mazungumzo yote yakakatika.

Niliirudisha pini haraka, nacheka na kulia kwa pamoja. Mgeni alikuwa mzima. Hakuwa amekufa, hakuwa hata anaumwa. Alikuwa amewekwa msibani kama sisi wote. Lakini Mama Kulwa alikuwa ameshafika mlangoni, na hakuwa anacheka. Nikamweleza yote, meneja, barua, kijijini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nakuonea huruma. Lakini redio ni redio. Ningekuwa mimi ndiye nimefiwa ningekuruhusu. Msiba si wangu." Alikuwa na haki, na ndicho kilichoniuma. Ningeweza kujifungia nimsemeshe Mgeni kinyemela, na Bibi Holo, ukuta mmoja tu, angesikia sauti ya mwanamume Mzungu inazungumza kabla udongo wa mumewe haujakauka. Nikamwambia Mama Kulwa, "Nipeleke kwake."

Bibi Holo alikuwa amekaa mkekani chumba cha ndani, penye harufu ya kafuri na ya nguo mpya. Vitambaa vya wateja vilikuwa bado vimening'inia, nilivigusa kwa bega nikipita. Nilipiga magoti. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa kilugha, na yeye akaitika kwa sauti iliyokwaruzwa na kilio. Mama Kulwa akaeleza, kwa haki kabisa, hakupunguza wala hakuongeza. Bibi akaniuliza, "Hilo dude linaimba?"

"Haliimbi, bibi."

"Linatangaza habari?"

"Hapana, bibi."

"Sasa linasema nini?"

"Linasema nilichokiandika mimi. Nisipoandika, halina neno."

Akafikiri. Nilisikia vidole vyake vinakunjakunja pindo la kanga. "Mzee alikuwa ananiuliza," akasema, "yule Mzungu wa Kabula leo anasoma nini, mbona anarudia rudia. Tulikuwa tunamsikia hapo ukutani. Mimi nilijua ni redio." Akajifuta pua. "Kwa hiyo anayesema ni wewe. Na nani amekukataza kusema msibani kwangu? Sema, mjukuu wangu. Ila usipige kelele." Nikasema wabeja, ahsante, mara sijui ngapi, na paji la uso wangu lilikuwa kwenye mkeka wake.

Ijumaa meneja alikuja saa nne kasoro, viatu vya ngozi vikilia. Alikaa, akakataa soda, akasema ana haraka. Shija alikuwa kwenye stuli pembeni, na meneja akamwambia mara moja, "Wewe bwana nenda kakae nje, nisije nikaambiwa ulimnong'oneza." Shija akatoka. Nikapunguza sauti ya Mgeni mpaka ikawa kama ya mtu anayeongea kanisani, nikaweka vidole mahali pake. Meneja akaanza kutamka. Ilikuwa barua kwa wanachama, kuwaita mkutanoni, taratibu za kupima pamba, kumchagua mwenyekiti. Alikuwa Msukuma wa Kishapu, wa ndani kabisa, na aliitamka kama tunavyotamka sote: "Kila mwanachama ana haki ya kupiga kula." Vidole vyangu vikaandika kama sikio lilivyopokea. Alipomaliza akasema, "Haya. Isome, uirekebishe."

Nilirudi juu, nikashuka mstari mmoja mmoja. Mgeni alinisomea kwa mafua yake, polepole, nami nikisahihisha: herufi iliyoruka, koma iliyokosa. Nikafika mstari wa sita. "Haki ya kyupiga kyula," akasema Mgeni. Goti langu likaruka lenyewe, kama limegongwa kijiko. Nikarudi nyuma, nikafuta herufi moja, nikaweka nyingine, nikamsomesha tena. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia kioo. "Hapo umebadilisha nini?"

"Uliniambia wanachama wana haki ya kula, mzee," nikasema. "Nimewapa haki ya kura. Ila kama kutakuwa na ng'ombe wa kuchinja, naweza kuirudisha."

Pale pale nikajiambia, Kabula, mdomo wako umekuponza. Halafu akacheka, kicheko cha tumboni, akakizuia kwa mkono alipokumbuka msiba wa jirani. "Hilo neno," akasema, "katibu wangu kaniletea barua tatu nalo, na mimi nikasaini zote." Akaisoma barua nzima mwenyewe, akakunja karatasi zake. "Jumatatu saa mbili, Mhunze. Na hicho kibwana chako uje nacho. Nitaongea na mradi wakiache kwetu." Viatu vikalia mpaka getini.

Mimi nikateleza kutoka kwenye kiti nikakaa sakafuni. Nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya mwendo mrefu. Mama Kulwa akaingia na sahani ya wali na nyama kutoka msibani, akaiweka chini, na yeye akakaa chini. Alikuwa amesikiliza dirishani muda wote. "Mwanangu," akasema, "nilidhani nimezima redio. Siku nne, kumbe nilikuwa nimekuziba mdomo." Nikamshika mkono. Nikamwambia yameisha, na kwamba hata mimi nilimziba mtu mdomo Jumanne, mtu aliyeishika ile pini kwa vidole vyake akaniuliza ni ya nini, na mtu huyo yuko pale mlangoni. Nikasema, "Kaka Shija, nisamehe." Lilinitoka kwa shida, sikuwa nimezoea.

Shija alisimama kidogo kizingitini. "Kwa hiyo sasa naruhusiwa kusema?" akauliza.

"Sema."

"Nina njaa," akasema, akaja akakaa, na tukala wote watatu sahani moja, tukiongea kwa sauti ya chini.